Kioo cha gari kimegoma kupanda? Usiizike mota ingali hai!

Wiki hii tuyaweke kando mapenzi na mitindo ya nywele, tuongelee kasheshe moja ya wenye magari: kioo cha umeme kushuka vizuri, halafu kikagoma kupanda.

Mjini mtu anaweza kucheka. Huku kwetu Ruhembe ni soo kubwa. Ukielekea Morogoro lazima ukatize Hifadhi ya Mikumi, kilometa kama 50 hivi, na nyani wa pale wamekwishazoea magari. Kioo kikiwa wazi na ndizi ziko kwenye siti, jua umewaandalia karamu. Usiku nao gari lisilofungika unalilaza wapi?

Gari la baba mdogo wangu, Toyota yake ya kukodisha, lilipatwa na balaa hilo mlango wa dereva. Fundi mmoja akabonyeza swichi mara mbili, akatoa hukumu: "Mota imekufa. Leteni mshiko niagize Dar." Baba mdogo akaanza kuhesabu noti.

"Baba mdogo, ngoja kwanza tuipime," nikamwambia.

"Haya mwanangu. Ila kisipopanda, utalala humo ndani ulilinde wewe!"

Mimi niliishia Form Four, lakini somo la sumaku na umeme halikunipita pembeni. Mota ya kioo ni kitu kidogo cha volti 12. Ukiipa umeme inazunguka, ukigeuza nyaya inazunguka kinyume. Ndiyo siri yote ya kupanda na kushuka.

Anza na masikio
Washa swichi ya gari, bonyeza, sikiliza. Ukisikia ngurumo lakini kioo hakisogei, mota inazunguka. Kilichokufa ni mkasi unaonyanyua kioo, kamba yake ya chuma au meno ya gia. Kukiwa kimya, tazama taa ya ndani ya gari. Ikififia kidogo kila unapobonyeza, umeme unafika ila mota imekwama. Isipofifia, angalia fyuzi, kisha jaribu swichi ya mlango mwingine kama soketi zinafanana.

Halafu kuna ujanja wa kienyeji: bonyeza swichi huku ukiugonga mlango kwa ngumi, taratibu. Kioo kikishtuka na kusogea, kaboni za mota zimechoka au zimekwama. Chetu kilishtuka! Baba mdogo akarudisha noti mfukoni.

Kazi yenyewe
Chomoa waya hasi wa betri. Kama mlango una mfuko wa hewa wa ajali, mwachie fundi anayeujua, usijifanye shujaa. Fungua skrubu za mkono wa mlango, nyingine zimefichwa chini ya vifuniko vidogo, kisha bandua kava polepole, pini zisivunjike. Vua nailoni ya ndani bila kuichana.

Sasa sikia hii kwa makini. Nyanyua kioo, kibane juu kwa gundi ya karatasi pande zote mbili. Mikasi mingi ina springi yenye nguvu. Ukifungua mota kabla hujaufunga mkasi kwa bolti au koleo la kubana, unaruka ghafla na unaweza kuondoka na kidole. Mota ni za kununua, vidole havina spea.

Tulipoitoa mota na kuifungua, ndani kumejaa unga mweusi. Kaboni zilikuwa bado ndefu, ila zimeganda. Tulizisafisha, tukasugua shaba inayozigusa kwa msasa laini, tukapaka grisi kidogo kwenye gia. Tukaijaribu kwa nyaya mbili kutoka kwenye betri, zenye fyuzi katikati. Ikalia vuuu! Baba mdogo akaruka kama kaona goli la Simba na Yanga.

Lakini kaboni hazikuwa chanzo peke yake. Mfereji wa mpira kinamopita kioo ulikuwa umeshiba vumbi la barabara za mashamba na masizi ya miwa inayochomwa kabla ya kukatwa. Kioo kinakuwa kizito, mota inachemka. Futa mfereji kwa kitambaa chenye maji, ukauke, kisha puliza dawa ya silikoni. Oili ya injini usiiguse, inakusanya vumbi na kuharibu mpira.

Na kama kweli imekufa? Nenda Ilala au Gerezani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe soketi na upande, kwani ya kushoto mara nyingi haiingii kulia. Omba ijaribiwe kwenye betri mbele ya macho yako kabla hujatoa hela.

Haya shime, washikaji. Mgonjwa hupimwa kwanza ndipo jeneza linunuliwe.