Maji, Almasi na Kigae: Fundi Anayeanza Achague Mashine Gani?

Mjini Mbinga na Mbamba Bay, kama ilivyo mahali pengi nchini, vigae vya sakafuni huitwa marumaru. Jina hilo limezoeleka, lakini humpotosha fundi anayeanza kazi. Marumaru halisi ni mwamba uliotokana na chokaa, nao ni laini: katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, madini yake makuu yana ugumu wa 3 tu. Kigae cha dukani ni kitu kingine. Hutengenezwa kwa udongo na madini yaliyosagwa, kisha huchomwa tanuruni kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ndani yake zimo chembe za kwatzi, madini yaliyo mengi katika mchanga wa kawaida, zenye ugumu wa 7. Msumeno wa chuma hauwezi kuzikata.

Kwa hiyo hutumika almasi, yenye ugumu wa 10. Diski ya kukatia vigae haina meno. Ukingoni mwake zimegandishwa punje ndogo za almasi zilizotengenezwa viwandani. Diski hiyo haichani kigae bali hukisaga kidogo kidogo, na usagaji huzaa joto jingi. Joto likizidi, diski hupinda, gundi ya metali inayoshika punje hulegea, na kigae hupasuka. Isitoshe, almasi ni kaboni. Ikipata joto kali mno penye hewa, huharibika.

Kazi tatu za maji

Maji hupoza diski, huondoa unga katika mfereji wa mkato, na hulifunga vumbi lisiruke. Kazi hii ya tatu ndiyo inayogusa uhai wa fundi. Vumbi la kwatzi lenye chembe ndogo kuliko mikroni 5 halionekani kwa macho, nalo hufika ndani kabisa ya mapafu. Likivutwa kwa miaka, huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usio na tiba ya kuuponya.

Mafundi wengi huanza na grenda ndogo ya mkononi kwa kuwa ni rahisi. Hesabu fupi yaonyesha hatari yake. Diski ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 kwa dakika huwa na mwendo wa mita 66 hivi kwa sekunde ukingoni, nayo hukata kavu. Mashine ya maji yenye diski ya milimita 180 inayozunguka mara 2,950 huwa na mwendo wa mita 28 kwa sekunde, na unga wake mwingi hubaki majini. Hata hivyo, matone hubeba unga kiasi; barakoa ya kuzuia vumbi bado yahitajika.

Mambo ya kupima kabla ya kununua

Kwanza, aina ya mikato. Kwa mikato iliyonyooka, kikatio cha mkono chatosha: gurudumu dogo gumu huchora mstari, kisha kigae huvunjwa juu ya mstari huo. Hakihitaji umeme wala maji. Mashine ya maji huhitajika kwa mikato ya kona, vipande vyembamba, na vigae vigumu visivyovunjika sawasawa.

Pili, ukubwa wa kigae. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 kikikatwa kutoka pembe hadi pembe, mkato wake ni 60 × √2, yaani karibu sentimita 85. Mashine ndogo ya meza, ambayo diski yake hujitokeza kutoka chini, huweza kupakiwa kwenye pikipiki kuteremka hadi vijiji vya ufukweni. Lakini kigae kikubwa huyumba juu yake na kingo hubanduka. Mashine ya reli, ambayo mota yake husafiri juu ya kigae, hukata mstari mrefu kwa utulivu, ila ni nzito. Anayeanza na vigae vya sentimita 30 au 40 hana haja nayo.

Tatu, umeme. Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya Makambako hadi Songea. Lakini waya mrefu na mwembamba wa kwenye ujenzi hupunguza volti. Katika mota ya induksheni, nguvu ya kuzungusha hulingana na volti kipeo cha pili: volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, hubaki asilimia 61 tu. Mota huchoka na kuungua. Panapotumika jenereta, ikumbukwe kwamba mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Na kwa kuwa maji na umeme vimekaa pamoja, hapana budi kuwa na waya wa ardhi na swichi inayokata umeme mara mkondo wa miliampia 30 unapovuja.

Nne, njia ya maji. Beseni liwe rahisi kutolewa na kusafishwa. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, hivyo yafaa. Lakini yachujwe, maana mchanga hula pampu. Tope la kazi lisimwagwe ziwani wala kwenye mfereji. Liachwe litue, maji yamwagwe kando, na tope lizikwe likiwa bado bichi. Likikauka sakafuni, hurudi kuwa vumbi lile lile.

Diski ikionekana imekuwa butu, isitupwe upesi. Huenda punje zimefunikwa tu. Mikato michache katika tofali la saruji huufuta uso wa metali na kuzifunua punje mpya.

Basi nguvu ya mota si kigezo cha kwanza. Fundi atazame kigae, kisha umeme, kisha maji. Bei ifuate baada ya hayo. Shuleni, wanafunzi waweza kurudia hesabu ya mwendo wa ukingo kwa diski za vipenyo mbalimbali, na kuonyesha kwa nini diski kubwa haifai kufungwa kwenye mashine iliyoundwa kwa diski ndogo.