Hisabati ya Fundi Mwashi

Katika shule za upili nchini Kenya, hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Kwenye mjengo, kazi huendeshwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana kijana aliyehitimu hukutana na kanuni ya Pythagoras asiitambue. Fundi mwashi anapotafuta pembemraba ya msingi, hutia alama ya futi 3 kwenye uzi mmoja na futi 4 kwenye wa pili, kuanzia konani, kisha husogeza uzi hadi alama hizo ziachane kwa futi 5 kamili. Kwa nini? Kipeo cha pili cha 3 ni 9, cha 4 ni 16. Jumla yake ni 25, na kipeuo chake 5. Umbali ukizidi, kona imepanuka, na ukuta utakwenda upogo. Istilahi hizi (kipeo, kipeuo, pembemraba) tunazo kamusini, ila mwanagenzi hajawahi kuzisikia darasani. Msingi ukiwa mpana, fundi hutumia 6, 8 na 10.