Safari ya Risasi Baada ya Kutoka Mtutuni

Tarehe 8 Mei 1889, majeshi ya Kijerumani yaliyoongozwa na Hermann von Wissmann yaliishambulia ngome ya Abushiri bin Salim al-Harthi huko Nzole, karibu na Bagamoyo. Mizinga ilitangulia, kisha wakafuata askari wenye bunduki za Mauser za muundo wa 1871. Wengi wa watetezi walikuwa na magobori. Ushujaa haukupungua, kilichotofautiana kilikuwa ndani ya mtutu.

Risasi ikisukumwa na gesi ya baruti hupata mwendo wake wote mtutuni. Ikishatoka, haisukumwi tena. Hutawaliwa na mambo mawili tu: uvutano wa dunia na ukinzani wa hewa.

Risasi ya Mauser ilikuwa na uzito wa gramu 25, nayo ilitoka kwa mwendo wa mita 430 hivi kwa sekunde. Mwendo huo ulizidi ule wa sauti, kwa hiyo mtu aliyelengwa kwa karibu alifikiwa na risasi kabla ya mlio. Hata hivyo, risasi huanza kuanguka mara itokapo, sawa na jiwe lililoachiwa. Katika nusu sekunde hushuka mita 1.2. Basi ikipigwa sambamba na ardhi tambarare, kutoka kimo hicho, itagusa chini kabla ya mita 215. Ndiyo sababu mlengaji wa mbali huinua mtutu kidogo.

Mtutu wa gobori ni laini ndani. Risasi yake ya mviringo hugongagonga kuta, ikatoka ikizunguka ovyo, na hewa huipeleka upande kama mpira uliopigwa kwa ubavu wa mguu. Mwingereza Benjamin Robins alilieleza jambo hili mwaka 1742. Kupita mita 100 hivi, kumpata mtu mmoja kulikuwa bahati.

Mtutu wa Mauser ulichongwa mifuo iliyojipinda, ikaizungusha risasi ndefu kama pia. Pia izungukayo haianguki upesi. Vivyo hivyo risasi hiyo ilishika njia yake, ncha mbele.

Mwanafunzi aweza kuupima uvutano bila bunduki. Aweke sarafu mbili ukingoni mwa meza. Moja aisukume kwa nguvu, nyingine aidondoshe papo hapo. Asikilize: zitagonga sakafu pamoja.