Kutamka Maneno Si Kusoma

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kusoma ndicho chombo cha kuivukia bahari hiyo, na chombo chenyewe hatuzaliwi nacho. Mtoto anayelelewa miongoni mwa watu wasemao atasema, awe amefunzwa au hakufunzwa. Lakini mtoto anayelelewa katika nyumba iliyosheheni vitabu aghalabu hatasoma mpaka atokee mtu wa kumwonyesha kwamba michoro ile myeusi ni sauti za maneno anayoyajua. Tofauti hii ina asili yake. Binadamu amekuwa akisema kwa makumi ya maelfu ya miaka, ilhali maandishi ya kwanza, yale ya Wasumeri katika nchi iitwayo Iraki leo, yana umri wa zaidi kidogo ya miaka 5,000. Muda huo ni mfupi mno kwa maumbile kumtengea mwanadamu sehemu ya ubongo iliyoumbwa makusudi kwa ajili ya kusoma.

Nimeanza kwa maelezo haya kwa kuwa zipo dhana mbili ambazo zimeota mizizi katika shule zetu. Ya kwanza ni kwamba kufundisha kusoma ni kazi ndogo, inayoweza kuachiwa mwalimu yeyote wa madarasa ya chini. Ya pili ni kwamba mtoto akishaweza kutamka yaliyoandikwa, basi keshajua kusoma. Wataalamu wa ubongo na wa saikolojia wamezipinga dhana zote mbili, na kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo inayotudhuru zaidi sisi tunaosomesha Kiswahili.

Tuanze na ubongo. Mnamo mwaka wa 1892, daktari Mfaransa, Joseph Jules Dejerine, alieleza kisa cha mfanyabiashara mmoja mstaafu ambaye ghafla alijikuta hawezi kusoma hata neno moja. Bwana huyo aliwatambua watu na vitu, na ulimi wake ulisema sawasawa. La ajabu zaidi ni kwamba aliweza kuandika, lakini alipotakiwa akisome alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, alishindwa. Alipofariki, Dejerine aliuchunguza ubongo wake, akakuta umeharibika upande wa kushoto, katika sehemu ya nyuma. Ikadhihirika kwamba kusoma kuna njia yake mahususi ubongoni, na kwamba njia hiyo ikikatika, mtu aliyekuwa msomi hurudi kuwa kama asiyejua herufi.

Njia hiyo hutoka wapi, ikiwa hatuzaliwi nayo? Jibu lilipatikana baada ya kuvumbuliwa kwa mashine za kupiga picha za ubongo unaofanya kazi. Katika mwaka wa 2010, Mfaransa mwingine, Stanislas Dehaene, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi waliowafanyia watu wazima 63 wa Brazili na Ureno. Baadhi yao hawakujua kusoma kamwe, wengine walikuwa wamejifunza ukubwani, na wengine walisoma tangu utotoni. Kwa wale waliojua kusoma, sehemu moja ya ubongo upande wa kushoto, chini kuelekea kisogoni, ilichangamka kila walipoona maandishi. Kwa wasiojua kusoma, sehemu hiyo hiyo haikushughulishwa sana na herufi, bali ilijishughulisha na sura za watu na vitu vinginevyo. Hata wale waliojifunza ukubwani walikuwa wamebadilika. Maana yake ni kwamba msomaji huazima sehemu ya ubongo iliyokuwa na kazi nyingine na kuipa kazi mpya, mithili ya familia inayogeuza ghala kuwa chumba cha kulala. Fundi wa mageuzi hayo ni mwalimu. Sioni kazi ya kuitwa ndogo hapo, na walimu wa ngumbaru nao wana haki ya kujivunia yao.

Jambo hili lina mafunzo kwa mwalimu wa darasa la chini. Macho yetu yamezoea kukitambua kikombe kuwa ni kikombe, mkono wake uelekee kulia au kushoto. Herufi "b" na "d" hazifuati kanuni hiyo, kwani ukiigeuza moja unapata nyingine. Kwa hivyo mtoto anayezichanganya katika miaka yake ya kwanza hajapungukiwa na akili. Ubongo wake unafuata kanuni ya kale ambayo bado haujafunzwa kuiacha. Anachohitaji ni mazoezi ya kuiandika herufi huku akiitamka, wala si kuchekwa mbele ya wenzake. Akiendelea kutatizika muda mrefu baada ya wenzake kuvuka, na apelekwe kwa wataalamu, asiitwe mjinga.

Sasa nije kwa Kiswahili. Mnamo mwaka wa 2003, Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, pamoja na wenzake, walichapisha ulinganisho wa watoto wanaojifunza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Finland waliyasoma sawasawa maneno 98 katika kila 100, na wale wa Ugiriki vivyo hivyo. Wale wa Scotland, waliosoma Kiingereza, waliyapata maneno 34 tu. Watoto wa Scotland hawakuwa wavivu, ila herufi za Kiingereza ni kigeugeu: herufi moja hutoa sauti kadhaa, na sauti moja huandikwa kwa njia kadhaa.

Kiswahili hakikuwamo katika ulinganisho huo, lakini yeyote aifahamuye tahajia yetu anajua kwamba imekaa upande wa Finland. Irabu zetu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Iko mitego michache, kama vile "ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe, au "th" na "dh", au "l" na "r" kwa mtoto ambaye lugha ya mama yake haizitofautishi. Zaidi ya hapo, mtoto aliyefunzwa sauti na silabi kwa utaratibu huweza kutamka neno lolote la Kiswahili, hata asilowahi kulisikia.

Hii ni neema kubwa, lakini ndani yake umejificha mtego. Chukua sentensi hii: "Nahodha alitweka tanga baada ya kuona kusi imeanza kuvuma." Mpe mtoto wa Gredi ya Nne huko Kisii au Turkana, ambaye hajawahi kuona jahazi. Ataitamka bila kusita. Kisha muulize: "Nahodha alitweka nini?" Atajibu, "Tanga." Utamwekea alama ya vyema, naye ataketi akiwa hajui nahodha ni nani, kutweka ni kufanya nini, wala kusi ni kitu gani. Swali lako halikupima ufahamu wake. Lilipima tu kama macho yake yanaweza kulipata neno lililofuata kitenzi. Nimeyaona maswali ya namna hii katika vitabu na katika mitihani, na nimewaona wanafunzi waliopita kwayo wakifika sekondari, kisha katika zoezi la ufupisho wakinakili sentensi nzimanzima kwa kuwa hawana njia nyingine.

Wanasaikolojia Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili mwaka wa 1986 kwa hesabu nyepesi. Walisema kusoma ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa ukizidishwa kwa uwezo wa kuielewa lugha. Neno muhimu hapo ni kuzidisha. Ukiwa na kumi upande mmoja na sufuri upande wa pili, jibu ni sufuri. Tahajia ya Kiswahili humpa mtoto ile kumi ya kwanza mapema, nasi tukashangilia tukisahau kuutazama upande wa pili.

Upande huo wa pili haujengwi na msamiati peke yake. Mwaka wa 1988, watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli waisome. Waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu, lakini waliujua mchezo huo vyema, waliikumbuka habari hiyo kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo. Kumbe tunaposomesha sayansi, historia na mazingira kwa makini, tunafundisha pia kusoma. Na yule mtoto wa Turkana, akipewa habari za ngamia na malisho, huenda akamshinda mwenzake wa Lamu.

Tufanye nini basi? Kwanza, mwalimu wa madarasa ya chini asikilize kila mtoto akisoma peke yake, japo kwa zamu, kwani kusoma kwa pamoja darasa zima huwaficha wasiojua nyuma ya sauti za wanaojua. Pili, tuwasomee watoto hadithi kwa sauti hata kabla hawajajua herufi, na tuyazungumze maneno mageni. Tatu, maswali ya ufahamu yaulize "kwa nini" na "ungejuaje", na yamtake mwanafunzi aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

Nanyi wanafunzi mna lenu. Wengi wenu husoma ukurasa mmoja mara tano mkidhani mnauhifadhi. Katika utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke uliotolewa mwaka wa 2006, waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama walikihifadhi vyema zaidi baada ya juma moja kuliko waliokirudia kukisoma. Kwa hivyo funga kitabu, jieleze ulichosoma, kisha kifungue uone ulipopungukiwa. Ukishindwa kujieleza, jua kwamba ulitamka tu.

Lugha yetu imeturahisishia nusu ya kwanza ya safari kuliko lugha nyingi za ulimwengu. Tukimwachia mtoto hapo, tutakuwa tumemfikisha ufuoni, tukamwonyesha bahari ya elimu, kisha tukamwambia keshavuka. Hatuna haki ya kumdanganya hivyo.