MATUMIZI YA NYUMBANI KILA MWEZI

Mtu wa mshahara hupata fedha zake kila mwisho wa mwezi. Mkulima hali yake ni nyingine: fedha humjia kwa mara moja, kisha miezi mingi hupita bila kuingia kitu. Walakini chumvi, sabuni na dawa hazingoji mavuno. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mwenye nyumba awezavyo kujiwekea mshahara wake mwenyewe, na mfano wetu twauchukua Dumila, katika Wilaya ya Kilosa.

Dumila ni mji mdogo katika njia kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na hapo ndipo itokapo njia ya Kilosa. Malori hupita usiku na mchana, na mahindi ya vijiji vya jirani hununuliwa hapo. Jambo hili ni baraka, maana mkulima hakosi mnunuzi; tena ni hatari, maana hakosi kushawishiwa. Baada ya mavuno ya masika watu wengi huuza pamoja, na bei hushuka. Ifikapo Januari au Februari, yule yule aliyeuza hutafuta mahindi ya kununua, na bei imekwisha kupanda. Wako hata wauzao mazao yakali shambani, kwa bei aitakayo mnunuzi. Mtu wa namna hii amelima mwaka mzima kwa faida ya mwenziwe.

Basi hesabu ya kwanza si ya fedha, ni ya chakula. Tuseme nyumba ya watu sita yala madebe matatu ya mahindi kwa mwezi. Kwa mwaka ni madebe 36, yaani magunia sita ya madebe sita sita. Aongeze gunia moja kwa ajili ya wageni na mvua kuchelewa. Magunia hayo saba yasiuzwe, nayo yakaushwe vizuri na kutiwa katika mapipa au mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi hana huruma. Yazidiyo ndiyo ya kuuza.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Tuseme mazao yaliyouzwa yameleta shilingi 1,200,000. Kwanza atenge shilingi 300,000 za mbegu, mbolea na kulimisha shamba la mwaka ujao. Zilizobaki ni 900,000. Akizigawanya kwa miezi 12 atapata shilingi 75,000 kwa kila mwezi. Huo ndio mshahara wake. Kisha augawe, kwa mfano hivi:

Mafuta, chumvi, sukari na kitoweo: 30,000
Kusaga unga, sabuni na taa: 12,000
Madaftari na sare za watoto: 10,000
Matibabu: 8,000
Misiba na harusi: 5,000
Akiba: 10,000
Jumla: 75,000

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila nyumba itaandika zake. Lakini fungu lisiachwe kwa sababu ni dogo. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, za msingi hata kidato cha nne, na wengine wakadhani kwamba shule haina gharama tena. Madaftari na sare bado hununuliwa. Misiba nayo haina tarehe, bali haikosi kuja.

Twajua kwamba fedha za miezi 12 zikikaa nyumbani zote pamoja zatumika upesi. Yafaa ziwekwe benki, au katika kikundi cha kuweka na kukopa chenye daftari na sanduku la kufuli. Katika simu pia zatunzika, ila kila utoapo hukatwa kidogo. Basi toa mara moja kwa mwezi, si kila siku. Bandu bandu huisha gogo.

Tena haifai kuweka vyote mahali pamoja. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Dumila, njia kuu ikafungwa, na huko Magole maji yaliingia majumbani. Maji yakiingia ghalani, mwenye akiba mahali pengine ana pa kuanzia. Asiye nayo hukopa, na deni la Januari hulipwa kwa mahindi ya Juni.

Jambo la mwisho ni mapatano. Mume na mke na waandike hesabu pamoja, kila mmoja ajue kilichopo. Mume akificha bei aliyouzia, na mke akificha deni la dukani, hakuna daftari litakaloponya nyumba hiyo.

Twawaomba walimu wawape wanafunzi hesabu za namna hii, na wenyeviti wa vijiji wazieleze mikutanoni kabla ya mavuno, wala si baada yake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la senti chache laweza kulinda magunia saba.