Beni: Gwaride la Vijana wa Mitaani

Katika miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu walizitazama bendi za kijeshi na za misheni, kisha wakaunda zao. Walishona sare, wakatafuta ngoma na tarumbeta, wakatembea kwa safu na kupeana vyeo vya kifalme na kijeshi. Mchezo huo wakauita beni, yaani bendi. Baada ya Vita vya 1914–1918 ulikuwa umeenea mbali bara, ukifuatana na askari na wapagazi.

Kila chama kilikuwa na mshindani wake, na ushindani wa sare na karamu ulikula mali nyingi. Hata hivyo, beni haikuwa kelele tupu. Mwanachama alipougua au kufiwa, wenzake walichanga. Kijana asiye na ukoo mkubwa alipewa cheo, akajifunza kutii na kuongoza.

Akina mama wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye viongozi, michango na mashindano kama hayo.

Miaka hiyo imepita. Lakini kijana wa leo, sawa na wa jana, huutumikia mtaa uliomkabidhi kazi na kumheshimu.