Redio ya upepo haina ukuta: unajua nani anakusikiliza?



Leo naomba tuongelee redio za upepo, pamoja na zile za mkononi wanazotembea nazo walinzi. Wengi tunadhani ukibonyeza kitufe ukaongea, anayesikia ni yule tu uliyemwita. Jamani, si kweli.

Mimi nilijifunza hilo Ulyankulu, miaka ya 2000, wakati simu ya mkononi kule ilikuwa bado ya kubahatisha. Nimekaa kijiweni, gari la mradi mmoja limepaki pembeni, vioo wazi, redio iko juu. Mhudumu wa zahanati anaomba usafiri wa mgonjwa. Akataja jina la mama, kijiji chake, na ugonjwa wenyewe, ule ambao enzi zile ukisikika nao unatengwa. Tulisikia watu kama kumi. Jua halijazama, habari ishafika kwa wakwe. Gari alilipata, akatibiwa, lakini pale kijijini hakurudi tena kuishi.

Simlaumu mhudumu, alikuwa anaokoa maisha. Ila hakujua anaongea na nani.

Redio ya kawaida inarusha sauti yako hewani kama ilivyo. Yeyote mwenye chombo kwenye masafa hayo anakusikia. Zile za masafa marefu ndiyo balaa: mawimbi yanadunda angani na kurudi ardhini mbali sana, kwa hiyo unachosema Tabora kinaweza kusikika hata nje ya nchi.

Kuna wauzaji wanakwambia, "hii ina kodi ya faragha." Msidanganyike! Kodi ile inazuia redio yako isipige kelele za watu wengine tu. Haimzuii mtu kukusikiliza wewe. Na redio kuwa ya dijitali peke yake haitoshi, maana mwenye kifaa cha kusoma dijitali anasikia kama kawaida.

Kinga ya kweli ni usimbaji: redio inavuruga sauti kwa hesabu, na asiye na ufunguo anaambulia makelele. Ulizia usimbaji wa AES wenye ufunguo wa biti 256. Usikubali tu neno "siri" kwenye boksi. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi, Midnight Blue, walitangaza udhaifu kwenye TETRA, mfumo wanaotumia polisi wa nchi nyingi. Usimbaji wake mmoja, TEA1, ulitakiwa uwe na ufunguo wa biti 80, kumbe ndani ulipunguzwa hadi 32. Kompyuta ya kawaida inauvunja.

Sasa basi, hata ukiwa na ufunguo mzuri, mlinzi akisahau redio baa kazi imekwisha. Aliyeiokota anasikia kila kitu. Kwa hiyo:

1. Kila redio iwe na namba yake na daftari la nani kaichukua, saa ngapi, karudisha lini.
2. Weka namba ya siri ya kuiwashia, kama redio inaruhusu.
3. Ikipotea, izimwe kwa mbali kama mfumo unaweza, na ufunguo ubadilishwe kwenye redio zote zilizobaki. Siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi.
4. Mtu akiacha kazi, redio irudi kabla hajaondoka.
5. Chaneli ya dharura muiache wazi. Mtu anayeomba msaada asikwamishwe na ufunguo.

Huna hela ya redio mpya? Anza na mdomo. Mpe mgonjwa namba, jina libaki kwenye daftari. Sema "namba 14, anahitaji gari haraka", inatosha kabisa. Msafara wa hela za tumbaku nao hautajiwi saa na njia hewani.

Tena siku hizi si suala la ustaarabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Na masafa yenyewe yanahitaji leseni ya TCRA, kwa hiyo kabla ya kununua mitambo pitieni kwao kwanza.

Nikikumbuka yule mama, najua ingetosha namba tu badala ya jina. Isingegharimu hata senti.

Naomba kuwasilisha. Mafundi redio mliopo humu, mwageni nyongeza.